Upendo Usioachia Kalamu

Kuna barua moja isiyochoka kuzunguka Kongo. Inapita kwenye simu za watu wa Kolwezi na Likasi, inasomwa kwa sauti vijiweni, na kila baada ya muda huibuka upya kana kwamba imegunduliwa jana. Inadaiwa kuwa mfalme Léopold II wa Ubelgiji aliwaandikia wamisionari mwaka 1883, akiwaagiza wawafundishe Waafrika kuudharau utajiri ulio chini ya miguu yao ili wengine wauchukue kwa raha. Barua hiyo ni ya kughushi. Mwaka 1883 hapakuwa na Dola Huru ya Kongo, ilitangazwa 1885. Wanahistoria wameichambua na kuitupa, lakini haitupiki, kwa sababu mtu anayeisoma akiwa kando ya shimo la mgodi haoni ndani yake jambo geni.

Hasara ya barua hiyo iko kwingine. Inamzoesha msomaji kuutafuta ubaguzi wa kanisani katika njama, kwa watu wabaya waliokesha wakipanga uovu. Nyaraka za kweli zina adabu. Zina mihuri, zina tarehe, na zimetiwa saini mchana kweupe na watu waliojiona wema.

Tarehe 26 Mei 1906 Makao ya Papa na Dola Huru ya Kongo walitia saini mkataba. Kila kituo cha misheni ya Kikatoliki kingepewa hekta 100 hadi 200 za ardhi inayolimika, bila malipo. Wamisionari nao wangefungua shule, wampelekee Gavana Mkuu mitaala, wawafundishe watoto kilimo na kazi za mikono, na kwa malipo maalumu waifanyie serikali uchunguzi wa jiografia na lugha. Hakuna kifungu kilichouliza ardhi hiyo ilikuwa ya nani. Miezi mitano baadaye, Oktoba 28, ikaundwa kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga. Wakongo wakaja kuzoea kuiona serikali, kampuni na misheni kama kitu kimoja chenye nafsi tatu, na utani huo wa kiteolojia ulikuwa na ukweli mchungu: gavana alileta askari, kampuni ikaleta posho, padri akaleta shule, na wote watatu walikula meza moja siku ya sikukuu ya mfalme.

Waprotestanti hawakuketi meza hiyo. Frederick Stanley Arnot aliingia Bunkeya kwa mfalme Msiri mwaka 1886, kabla ya Mbelgiji yeyote kuitawala Katanga, na warithi wake walisubiri mpaka baada ya Vita Kuu ya Pili shule za Kiprotestanti zipate ruzuku ambayo misheni za Kibelgiji zilikuwa zikiipata kwa miaka. Lakini kukosa kiti hakukuwafanya wasafi. Huko Kasai jirani, kanisa la Wapresbiteri wa kusini mwa Marekani lilipompata mchungaji Mweusi aliyetaka kwenda Kongo, William Henry Sheppard, lilikataa kumtuma peke yake. Ilibidi asubiri apatikane Mzungu wa kuongozana naye. Alipatikana Samuel Lapsley, wakaondoka 1890, na Lapsley akafariki 1892. Sheppard akabaki. Mwaka 1899 aliingia katika kambi ya mashujaa wa Zappo-Zap waliotumwa na Dola Huru kukusanya kodi akahesabu mikono ya kulia 81 iliyokatwa, ikikaushwa juu ya moto. Kwa alichoandika juu ya uovu wa biashara ya mpira alishtakiwa 1909 huko Léopoldville, akashinda. Kanisa lililodhani hawezi kusafiri bila mlezi ndilo lililopata kwake shahidi wake mkubwa, naye aliporudi nyumbani alirudi katika nchi ambayo Mweusi hakuketi benchi moja na Mzungu, kanisani wala garimoshini.

Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, haikuhitaji kuagiza desturi hizo Marekani. Jean-Félix de Hemptinne, Mbenedikto wa ukoo wa wakubwa kutoka Ghent, alifika Katanga 1910 akawa mkuu wa Kanisa huko mpaka alipofariki 1958. Karibu nusu karne. Kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo lilisimamishwa upande wa Wazungu. Waafrika walikaa sité, mtaa waliotengewa, ng’ambo ya ukanda mtupu wa mamia ya mita uliopimwa makusudi ili rangi mbili zisikaribiane, na usiku Mwafrika asiye na kibali hakutakiwa kuonekana upande wa pili. Misa ilikuwa ileile, kwa Kilatini kilekile. Hakuna katekisimu iliyoandika kwamba roho zina rangi; mpimaji wa viwanja alikwisha kuliandika hilo kwa njia yake.

Katika mji huohuo aliishi mtu mwingine wa Mungu, ila yeye hakuchagua anwani. Simon Kimbangu, katekista wa Kibaptisti wa Nkamba huko Kongo ya Chini, alianza kuhubiri na kuponya Aprili 1921. Kabla mwaka haujaisha alikuwa amefikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi bila wakili na kuhukumiwa kifo. Mfalme Albert akaibadilisha adhabu iwe kifungo cha maisha. Alipelekwa upande wa pili wa nchi, Élisabethville, akakaa gerezani mpaka alipofariki Oktoba 12, 1951. Miaka 30, kwa mahubiri ya miezi michache. Baada ya kifo ikasemwa upande wa Wakatoliki kwamba alibatizwa Mkatoliki kabla ya kukata roho, na Wakimbangu wakalikana jambo hilo kwa nguvu. Hata juu ya kitanda cha mauti kulikuwa na ugomvi wa nani aandike mstari wa mwisho.

Askofu na mfungwa waliishi miaka 30 katika mji mmoja. Hakuna haja ya kuwakutanisha kwa ubunifu, ramani inatosha.

Desemba 1941 wafanyakazi Weusi wa Union Minière waligoma. Wenzao Weupe walikuwa wamedai nyongeza miezi michache kabla wakasikilizwa. Wale Weusi, wakiongozwa na karani Léonard Mpoyi, waliitwa kwenye uwanja wa mpira wa kambi ya Lubumbashi tarehe 9 Desemba, na mbele ya gavana Amour Maron askari wakafyatua risasi. Mpoyi alikuwa kati ya wa kwanza kuanguka. Wakubwa walihesabu wafu kwa makumi. Kumbukumbu ya kambi inataja wengi zaidi. Vijana wa kambi walikuwa wamepita mikononi mwa mapadri na masista, kwa kuwa kampuni iliwaachia wao kazi ya kuwalea watoto wa wafanyakazi wake, na malezi hayo yalikuwa yamesisitiza utii kuliko hesabu. Mtu aliyefundishwa kwamba mkubwa wake ni baba, anapodai mshahara, hutendewa kama mtoto aliyemjibu mzee. Dibwe dia Mwembu, mwanahistoria wa Lubumbashi, alipoandika kitabu kuhusu familia za wafanyakazi wa Union Minière na wa Gécamines, kampuni iliyoirithi, alikipa jina la wana wa Shaba walioachwa na baba yao. Hakulitunga hilo mezani. Ndivyo watu walivyokuwa wakisema.

Kwa hiyo mtu akitafuta ubaguzi wa kanisa la Katanga katika matusi, atapata kiasi, lakini atapata zaidi akitafuta katika huruma. Padri alimtibu mtoto, alimfundisha kusoma, alimzika baba yake, alimwozesha. Vyote hivyo ni kweli na wazee wengi wanavishukuru. Pamoja na hayo padri ndiye aliyeandika kitabu cha ubatizo, barua ya sifa njema, orodha ya wanaoendelea na masomo. Alipenda, kalamu hakuiachia.

Mtu aliyekaribia kabisa kuiachia aliishi Kolwezi.

Placide Tempels, Mfransisko kutoka Berlaar, alifika Kongo 1933. Kwa miaka karibu kumi, kwa maelezo yake mwenyewe, alikuwa mupe, yaani padri, kama wengine: mkubwa, mwenye amri, mwalimu asiyeuliza. Kisha akaanza kuuliza. Kilichotoka ni kitabu juu ya falsafa ya Wabantu, alichokiandika kwa Kiflemi, kikatafsiriwa kwa Kifaransa na wakili Antoine Rubbens na kuchapwa Élisabethville mwaka 1945. Dai lake kuu lilikuwa kwamba watu hawa wanaoitwa washenzi wana fikra iliyopangika juu ya uhai na nguvu za viumbe, na anayewabatiza bila kuijua anajenga juu ya mchanga. De Hemptinne aliona hatari na akataka Roma ikihukumu kitabu hicho. Tempels alikwenda Ulaya 1946, na hakuruhusiwa kurudi Kongo mpaka 1949.

Kitabu hicho kilizua ugomvi ambao haujaisha. Alioune Diop alikichapa upya Paris 1949, chini ya Présence Africaine, kama zawadi kwa Afrika. Aimé Césaire akakiona kama zawadi kwa mkoloni: mpeni Mweusi heshima ya kifalsafa, haigharimu kitu, naye ataacha kuuliza juu ya mshahara na nyumba. Baadaye V. Y. Mudimbe, mzaliwa wa Likasi ilipoitwa Jadotville, aliyeonja maisha ya utawa wa Kibenedikto kabla ya kuwa mmoja wa wanafikra wakubwa wa bara hili, aligeuza swali: ni nani huyu anayezungumza kwa niaba ya nani, na kwa kibali gani? Ni vigumu kumbishia Césaire. Ni vigumu pia kumsahau Tempels, kwa sababu baada ya kitabu alifanya jambo ambalo waandishi wa falsafa hawalifanyi mara nyingi. Alikwenda kukaa na watu.

Kolwezi ya wakati huo ulikuwa mji mchanga, uliopimwa na kampuni mwishoni mwa miaka ya 1930, wenye nyumba za Wazungu zenye bustani upande mmoja na kambi za wafanyakazi upande mwingine. Lualaba ulikuwa ukizibwa huko Nzilo ili mitambo ipate umeme, na bwawa likapewa jina la Alexandre Delcommune, mpelelezi Mbelgiji aliyepita Katanga 1891. Mto ulikuwa na jina, bonde lilikuwa na jina, watu waliobeba saruji walikuwa na majina. Katika kambi hizo, mnamo 1953, ikaanza Jamaa.

Jamaa haikuwa chama cha siasa wala kanisa jipya. Walikuwa mume na mke, Wakatoliki wa kambini, waliokutana jioni baada ya zamu kufundishana kwa Kiswahili cha Katanga juu ya uzima, uzazi na mapendo. Hakuna aliyeingia peke yake. Waliingia wawili wawili, na waliozaliwa katika Jamaa walizaliwa na wenzi waliowatangulia, hatua kwa hatua, njia ya kwanza mpaka ya tatu. Kila mwanamume akawa baba, kila mwanamke mama. Tempels mwenyewe akawa Baba Placide. Na hapa ndipo penye mkasa: mapadri wa Kibelgiji walioingia nao walizaliwa na wachimba shaba. Mzungu wa Ulaya, mwenye kola na shahada ya teolojia, akawa mtoto wa fundi wa mtambo na mkewe muuza mihogo, akakaa kwenye kiti cha mbao sebuleni mwao kusikiliza mafundisho.

Katika Kongo ya mwaka 1953 hilo lilikuwa jambo zito kuliko linavyosikika leo. Serikali ilikuwa imebuni kadi ya sifa ya kiraia mwaka 1948, na 1952 ikaweka utaratibu wa kuwasajili Waafrika “walioendelea”, ambapo wakaguzi waliingia nyumbani kwa muombaji kutazama anavyokula na anavyolala kabla ya kuamua kama amefikia daraja. Mzungu aliingia nyumba ya Mweusi kama mkaguzi. Kwenye Jamaa aliingia kama mwanafunzi. Anayetaka kujua kama upendeleo wa rangi unaweza kuvuliwa kanisani, hata kwa saa mbili za jioni, ana kielelezo chake katika kambi za Kolwezi.

Lakini saa mbili zilikuwa na mwisho. Wakuu wa Kanisa walianza kunong’ona: mapadri wanatumia muda mwingi mno na watu hawa, mama wa kambini wana mamlaka gani juu ya padri, mafundisho haya yanaandikwa wapi na nani ameyakagua? Minong’ono ikafika Roma. Tempels aliondoka Kongo 1962 na hakurudi tena. Aliishi katika nyumba ya watawa wa shirika lake huko Hasselt mpaka alipofariki 1977.

Hapo Kimbangu na Tempels wanaweza kuwekwa ubavu kwa ubavu, ingawa haifanywi mara nyingi. Wote wawili walituhumiwa kuwakusanya Waafrika nje ya utaratibu wa Kanisa. Wote wawili walitiliwa shaka na watu waliosema wanailinda imani. Mmoja alikwenda gerezani miaka 30 na kufia humo. Mwingine alikwenda nyumbani. Hakuna anayedai Tempels angestahili jela, wala kwamba hakuumia. Ila kosa lilelile lilikuwa na bei mbili, na bei ilisomwa usoni. Upendeleo si lazima uwe nyumba kubwa na boi wa kufua nguo. Mara nyingi ni kukosea kwa bei nafuu, na kuwa na mahali pa kurudi.

Wachimbaji hawakuwa na Hasselt. Walibaki kambini na matokeo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 maaskofu wa Zaire, ambao wengi wao sasa walikuwa Wakongo, waliwawekea wanajamaa masharti makali, na waliokataa wakafungiwa sakramenti. Jimbo la Kolwezi lilianzishwa 1971 chini ya askofu Mbelgiji, Mfransisko Victor Keuppens, na miaka mitatu baadaye likampata mwana wa nchi, Floribert Songasonga. Rangi ya aliyeshika fimbo ya kiaskofu ilibadilika. Wanajamaa waliendelea kusubiri mlangoni kujua wameruhusiwa au la. Hilo halifuti ubaguzi uliotangulia. Linaonyesha tu kwamba kiti kina tabia zake, na kwamba aliyekirithi alirithi pia faili zilizokuwa mezani.

Swali la jina la nani linaandikwa juu ya kazi ya nani lina kumbukumbu yake pia, na inasikika kwa masikio. Huko Kamina, mbali kaskazini mwa Kolwezi, Mfransisko Guido Haazen aliunda kwaya ya wavulana na walimu iliyoitwa Les Troubadours du Roi Baudouin. Sauti, mdundo, mapambo ya sauti juu ya Kilatini cha misa, sehemu kubwa vilibuniwa papo hapo na waimbaji kwa mtindo wa kwao. Iliitwa Missa Luba. Mwaka 1958 ilifika Ulaya, ikarekodiwa, ikawa maarufu duniani. Miaka kumi baadaye Sanctus yake ilisikika katika filamu ya Kiingereza iitwayo If...., na kizazi cha vijana wa Ulaya kikaipenda bila kujua Kamina iko wapi. Jina lililokaa juu ya jalada ni la padri. Mwimbaji mkuu, Joachim Ngoi, anakumbukwa na wachache.

Na mwaka huohuo wa 1958, kwenye maonyesho makuu ya dunia mjini Brussels, ambako kwaya hiyo ilishangiliwa, mamia ya Wakongo wengine waliletwa kukaa katika kijiji cha maonyesho, nyuma ya uzio, wakisuka na kuchonga huku wageni wakiwatazama. Wapo waliowatupia ndizi. Wakongo walichoka, wakalalamika, wakaondoka Julai kabla ya maonyesho kwisha. Watu wa taifa moja waliimba Gloria jukwaani na walitupiwa ndizi uani, msimu mmoja, mji mmoja, na wengi walioangalia yote mawili walikwenda misa Jumapili.

Kanisa lenyewe lilikwisha kuonywa zamani. Papa Benedikto XV, katika waraka wa Novemba 1919, aliwataka wamisionari walee mapadri wenyeji wenye hadhi kamili, si wasaidizi, na waache kuchanganya Injili na faida ya nchi zao. Ukweli ni kwamba Stefano Kaoze alikuwa ameshapata upadri miaka miwili kabla, Julai 1917, huko Baudouinville ya kando ya ziwa Tanganyika, akiwa padri wa kwanza Mkongo wa enzi ya ukoloni. Alikuwa pia amekwisha kuchapisha makala kwa Kifaransa juu ya fikra za watu wake, miaka zaidi ya 30 kabla ya Tempels. Kila mtu anayesoma falsafa ya Kiafrika anamfahamu Tempels. Kaoze hutajwa katika tanbihi. Askofu wa kwanza Mkongo wa enzi hiyo, Pierre Kimbondo, alisubiri mpaka 1956, ingawa jirani Uganda ilikuwa na Joseph Kiwanuka wa Masaka tangu 1939, na mbingu hazikuanguka.

Waliokuja baadaye hawakunyamaza. Eugène Kabanga, Mkongo wa kwanza kuwa askofu mkuu wa Lubumbashi, alitoa mwaka 1976 barua ya kichungaji yenye kichwa kinachosema “Mimi ni mtu”. Ilielekezwa kwa utawala wa Mobutu, ulioutafuna umma, lakini yeyote aliyekulia Katanga alisikia ndani yake mwangwi mrefu zaidi. Kardinali Joseph Malula wa Kinshasa, naye, alihangaika karibu miongo miwili mpaka Roma ikaidhinisha, Aprili 1988, misa ya Kongo yenye ngoma, kucheza na kuwataja wahenga. Alifariki mwaka uliofuata. Mwaka 2019 Papa Fransisko aliiadhimisha misa hiyo ndani ya Basilika la Mtakatifu Petro, na Januari 2023 akasimama Kinshasa kuwaambia wakubwa wa dunia waondoe mikono yao Afrika, kwa sababu bara hili si mgodi wa kukamuliwa. Katika Lualaba, mkoa unaotoa sehemu kubwa ya kobalti ya ulimwengu, maneno hayo yalisikilizwa na watu wenye vumbi la mgodi mabegani.

Kinachobaki kigumu ni pesa. Mchungaji John Gatu wa Kanisa la Presbiteri la Kenya alilishika jambo hilo kwa pembe mwaka 1971 alipopendekeza, mjini Milwaukee, kwamba wamisionari na fedha zao visitishwe kwa muda ili makanisa ya Afrika yajue yana uzito gani yakisimama yenyewe. Mkutano wa makanisa ya Afrika yote uliofanyika Lusaka 1974 ulimuunga mkono. Wengi waliporudi nyumbani waliangalia paa la shule na duka la dawa la zahanati, wakapunguza sauti. Haiwezekani kuwacheka. Huko Kolwezi leo masista wa Mchungaji Mwema wanawatoa watoto kwenye machimbo na kuwarudisha darasani, kazi ambayo mtu mwenye akili timamu hawezi kuibeza, na inategemea msaada wa wafadhili wa nje. Kobalti inakwenda Ulaya na Amerika ndani ya betri, sadaka inarudi kwa njia ileile ikiwa na fomu za kujaza, na fomu zimeandikwa na mtoaji. Mwandishi wa ripoti ya mradi anajua ni picha gani ya mtoto itakayofungua pochi, na mtoto mwenyewe haulizwi.

Safari ya watu nayo imegeuka. Mapadri wa Kongo sasa ndio wanaosomea misa parokia za Ubelgiji, Ufaransa na Ujerumani, katika makanisa yaliyojengwa kwa ajili ya umati ambao haupo tena. Huko Zorneding, mji mdogo karibu na Munich, Olivier Ndjimbi-Tshiende, mzaliwa wa Kongo na raia wa Ujerumani, alikuwa paroko tangu 2012. Mwaka 2015 mwanasiasa wa chama kikuu cha hapo aliandika juu ya wakimbizi kana kwamba ni jeshi la uvamizi, paroko akampinga. Naibu wa mwanasiasa huyo akamwita kwa jina la matusi ya rangi, vikafuata vitisho vya kuuawa, kimojawapo kikimtaka apelekwe Auschwitz. Machi 2016 alijiuzulu. Waumini wengi waliandamana na mishumaa kumtetea, na mzee mmoja aliyemtishia alihukumiwa na mahakama. Parokia ilipewa padri mwingine.

Kesi nyingine ilihitimishwa karibu zaidi na leo, na ndiyo inayogusa vitabu vya misheni moja kwa moja. Mnamo Desemba 2, 2024, Mahakama ya Rufani ya Brussels iliamua kwamba taifa la Ubelgiji lilitenda uhalifu dhidi ya ubinadamu lilipowanyang’anya mama zao watoto waliozaliwa na baba Mzungu na mama Mkongo. Waliofungua kesi ni wanawake watano: Léa Tavares Mujinga, Monique Bitu Bingi, Noëlle Verbeken, Simone Ngalula na Marie-José Loshi. Walichukuliwa wakiwa wadogo sana wakapelekwa misheni ya masista huko Katende, Kasai, kwa sababu serikali iliona ngozi yao kuwa tatizo la kisiasa. Uhuru ulipofika na vurugu zikaanza, masista waliondolewa, wasichana wakaachwa. Mahakama iliamuru kila mmoja alipwe euro 50,000.

Maaskofu wa Ubelgiji walikuwa wameomba msamaha 2017, na Waziri Mkuu Charles Michel akafuata Aprili 2019 kwa niaba ya serikali. Aliyeshtakiwa mahakamani alikuwa serikali peke yake. Mwaka 2019 Hifadhi ya Taifa ya Ubelgiji ilianza mradi wa kufuatilia faili za watoto hao, ambao wengi walibadilishwa majina au kuandikiwa tarehe zisizo zao, na baadhi ya yanayotafutwa yalijazwa kwa mkono na masista na mapadri katika madaftari ya misheni. Mtoto wa machotara kutoka Lubumbashi au Kolwezi anayetaka kujua jina la bibi yake bado anapaswa kuliomba kwa maandishi, na anaandika barua hiyo kwa Kifaransa, kwenda Brussels.